Mwanangu anasema mimi ni mweusi kwa sababu nakunywa chai ya rangi. Watoto wanaielewaje rangi ya ngozi?

#1 Baba Lusajo

Wakuu habari za humu. Niko Uyole, Mbeya. Nina kijana wa miaka minne na miezi saba, yuko chekechea. Mimi ni mweusi tii, Mnyakyusa wa Kyela, sina cha kuficha. Mama yake ni Mhehe wa Mufindi, maji ya kunde. Kijana kaangukia katikati, ila mdogo wake wa miezi mitano katoka na rangi ya mama.

Juzi Jumamosi asubuhi, baridi hii ya mwezi wa sita mnaijua, maziwa yalikuwa yameisha kwa jirani tunayenunua kwake. Mama akampa chai ya rangi na mhogo wa kuchemsha. Dogo akakisukuma kikombe. Kulazimishwa, akaangua kilio. "Sitaki hiyo, nitakuwa mweusi kama baba."

Nikamkalisha magotini nikamuuliza taratibu. Kumbe ana hoja amezipanga kama wakili. Baba anakunywa chai ya rangi kila siku (kweli, maziwa yananisumbua tumbo), baba ni mweusi. Mama anakunywa chai ya maziwa, mama ana rangi ya chai ya maziwa. Atupele ananyonya maziwa matupu, ndiyo maana mweupe kuliko wote. Yeye mwenyewe siku nyingine hii, siku nyingine ile, kwa hiyo yuko katikati.

Sikupata pa kumkamata. Kila mtu nyumbani kwangu anaingia kwenye hesabu yake.

Nilicheka, ila lile neno "sitaki" limenikaa kooni mpaka leo. Mtoto wa umri huu anaelewa nini hasa? Ni utoto tu utapita, au kuna kitu kimeshamwingia?

#2 Kijiwe Mwanjelwa

Nimekaa paleee na kikombe changu cha chai ya rangi. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mama Mapacha

Hongera kwa mtoto mwenye akili, na pole kwa kikombe.

Wangu ni Kulwa na Doto wasiofanana kabisa, Kulwa mweusi, Doto mweupe. Walipokuwa na miaka mitatu niliwaacha bafuni nikaenda kuepua ubwabwa. Narudi namkuta Doto kamkalia mwenzake, dodoki mkononi, sabuni ya kipande imebaki nusu, anamsugua goti. Kulwa katulia tuli kama anayesukwa. Doto akaniambia kwa huruma kabisa, "Mama, ya Kulwa haitoki."

Sikuona chuki pale. Alikuwa anamsaidia ndugu yake. Kwake kitu cheusi mwilini ni tope, na tope huoshwa. Wakitoka kucheza wote wawili wana miguu myeusi, wakioga maji yanatoka meusi, basi kwa nini la mwenzake ligome?

#4 Mtafiti Uchwara

Mleta mada, usiogope. Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget, alitumia maisha yake kuwasikiliza watoto. Alisema kati ya miaka 2 na 7 mtoto anahukumu kwa kile jicho linachomwonyesha. Mimina maji yale yale kutoka kikombe kifupi kipana kwenda glasi ndefu nyembamba, atakuambia yameongezeka. Hata jinsia kwao haijakaa sawa: mwenye miaka mitatu anaweza kukubali kwamba mvulana akivaa gauni anakuwa msichana. Kwa hiyo rangi nayo ni kitu kinachopanda na kushuka, kama urefu. Mtoto huona watu wakirefuka, wakinenepa, wakiota mvi. Kwa nini wasibadilike rangi?

Akifika miaka sita, saba, itapita yenyewe. Kisayansi mtu mweusi ana seli nyingi zaidi za kutengeneza rangi, basi.

#5 Parachichi Njombe

Yaani mtu kaleta mtoto wa Uyole, wewe unamletea Mswisi.

#6 Muuguzi wa Zamu

Mtafiti, hapo mwisho umeteleza. Idadi ya hizo seli inakaribiana kwa watu wote, weusi kwa weupe. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini, yaani ile rangi yenyewe ya ngozi, zinayotengeneza, na jinsi inavyotawanywa kwenye ngozi. Viganja na nyayo hupata kidogo, ndiyo maana hata baba Lusajo na weusi wake tii viganja vyake ni vyepesi.

Mimi nafanya wodi ya wazazi, Iringa. Nataka niwatetee watoto kidogo. Mnasema wanaamini rangi inabadilika kwa sababu ya utoto. Jamani, si wanaiona ikibadilika? Kichanga kinazaliwa chepesi, chekundu chekundu, halafu wiki hadi wiki kinakolea. Bibi zetu wanajua, wakimpokea mtoto kitu cha kwanza ni kukunja sikio waangalie ncha, na shina la kucha, wajue atakaa wapi. Kaka mtu wa miaka minne anakiona kitoto kinaletwa nyumbani cheupe, baada ya miezi mitatu kimekuwa kama yeye. Huo ni ushahidi, na ameupata kwa macho yake.

Halafu kuna yale madoa ya bluu matakoni na kiunoni mwa kichanga. Ni ya kawaida sana kwa watoto wetu na hufifia yenyewe ndani ya miaka michache ya mwanzo. Nimeshuhudia dada wa kazi akifukuzwa kwa madoa hayo, mama kadhani mtoto amefinywa. Mtu mzima huyo, na cheti cha chuo anacho.

#7 Binti Mkinga

Naunga mkono #6. Mimba yangu ya kwanza mama mkwe alinikataza kahawa na chai ya rangi, eti mtoto atatoka mweusi. Nikaletewa maziwa kila asubuhi, lita nzima, nasimamiwa mpaka niimalize. Mtoto katoka mweusi kama baba yake. Nikaambiwa nilikuwa nakunywa kwa siri.

Sasa Lusajo ana tofauti gani na mama mkwe wangu? Angalau Lusajo ana miaka minne.

#8 Kijiwe Mwanjelwa

😂😂 Mama mkwe hajawahi kushindwa utafiti.

#9 Mwalimu Kihesa

Kamwene wote. Nafundisha chekechea hapa Kihesa mwaka wa kumi na moja sasa. Nina neno ambalo sijaona mtu akiligusa.

Hebu mwambie mtoto anayejifunza Kiswahili akutajie rangi. Kiswahili chenyewe kina vivumishi vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi, -ekundu. Zinazobaki zimeazimwa kwenye vitu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni bizari. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, chungwa ni chungwa, zambarau ni zambarau. Na mtu wa rangi ya katikati tunamwita nani? Maji ya kunde. Maji uliyochemshia kunde! Halafu mnamshangaa mtoto aliyehitimisha kwamba rangi ya watu inatoka jikoni. Na chai yenyewe mmeiita "ya rangi". Angehitimisha nini kingine?

Jambo la pili. Watu wa semina huwa wanakuja kuangalia michoro ya watoto wetu na kupiga kelele, "huyu kamchora mama yake wa pinki, hajipendi." Darasani kwangu nina watoto arobaini na kitu na makopo matatu ya penseli za rangi. Nyeusi na kahawia huisha kwanza maana ndizo za nywele, miti, nyumba na mbwa. Anayechelewa anapata iliyobaki. Mwezi wa tatu nusu ya darasa walikuwa na baba wa kijani. Je, nao niwapeleke kwa mshauri?

#10 Duka la Vifaa SIDO

Mwalimu umesema kweli ila ngoja niongeze. Nauza vifaa vya shule Mwanjelwa. Watoto wakija dukani wanaomba "ile rangi ya mtu." Wakisema rangi ya mtu wananyooshea ile ya pinki iliyopauka. Mtoto mwenyewe mweusi kuliko gunia la mkaa, anaomba rangi ya mtu na anapewa pinki, na mimi nampa! Nilianza kujiuliza juzi tu. Huko Marekani Crayola waliwahi kuwa na rangi waliyoiita ya mwili, wakaibadilisha jina mwaka 1962 ikawa ya pichi. Huku kwetu jina halikuandikwa popote kwenye kopo, lakini watoto wanalo.

#11 Ndizi Tukuyu

Mimi naona tatizo ni chai kavu. Huku Rungwe chai imetuzunguka, Katumba kote ni chai, lakini mtu anakunywa kavu mwaka mzima. Mpeni mtoto maziwa yaishe.

#12 Parachichi Njombe

Chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Isiyo na maziwa ni chai ya rangi. Lusajo alipewa na mhogo, kwa hiyo haikuwa kavu.

#13 Ndizi Tukuyu

Kwetu chai kavu ni isiyo na maziwa. Wabena msitufundishe chai, ninyi kaeni na parachichi zenu.

#14 Dereva wa Tunduma

Chai isiyo na sukari mnaiitaje?

#15 Kijiwe Mwanjelwa

Hiyo inaitwa mwisho wa mwezi.

#16 Mzee wa Reli

Naona hakuna aliyeniamkia, basi marahaba.

Mimi wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA, ya kwenda Zambia, nilikuwa na miaka mitano, sita, kijijini upande wa Makambako. Mnasema mtoto anaona rangi. Sisi tulikuwa hatujaona mtu wa nje isipokuwa sista mmoja mzee. Walipofika Wachina, tukikaa juu ya kichuguu kuwaangalia, hakuna aliyetaja ngozi. Tulichoona ni sare: wote wamevaa sawa, kofia sawa, mwendo sawa. Tukaamua ni ndugu, watoto wa mama mmoja. Mdogo wangu alilia siku mkandarasi mmoja Mswahili alipovaa kofia ya Kichina, akasema "na huyu amekuwa." Amekuwa nini, hakusema. Lakini kofia ndiyo iliyombadilisha.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuona tofauti kubwa, ila rangi haiwi ndiyo alama ya kwanza. Alama ya kwanza ni ile inayomshangaza.

#17 Dereva wa Tunduma

Shikamoo mzee. Si reli ilijengwa 1978?

#18 Mzee wa Reli

Marahaba. 1970 mpaka 1975. Mwaka 1978 ulikuwa na vita vyake.

#19 Binti Mkinga

Mzee shikamoo. Ila nyie mlikuwa hamna televisheni. Mtoto wa leo ana katuni kuanzia asubuhi, na binti wa kifalme ana nywele zimefika magotini. Mwanangu wa kike amewahi kujifunga khanga kichwani ikaning'inia mgongoni, akaniambia "hizi ndizo nywele zangu za kweli." Hilo si jicho tu, kuna mtu amemfundisha.

Na ule utafiti wa midoli wa Marekani wa 1954 mnaujua? Watoto weusi walipewa mdoli mweusi na mweupe, wengi wakasema mzuri ni mweupe. Watoto wa miaka mitatu hao!

#20 Mtafiti Uchwara

Dada, 1954 ni mwaka wa hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Brown, iliyopiga marufuku shule za serikali kutenga watoto kwa rangi. Utafiti ulitangulia, ni wa Kenneth na Mamie Clark, mke na mume, walioufanya kuanzia miaka ya arobaini. Taarifa yao ya 1947 ilikuwa na watoto weusi 253, wa miaka 3 hadi 7. Midoli ilifanana kila kitu isipokuwa rangi. Walianza kwa kuuliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi ungependa kucheza naye. Swali la kuuma liliwekwa mwishoni: nipe anayefanana na wewe. Kuna watoto walilia hapo, wengine wakakimbia chumba.

Nakubali hilo linaitikisa hoja yangu ya #4. Mtoto aliyedhani rangi ni kama tope hawezi kulia kwa sababu ya mdoli.

#21 Parachichi Njombe

Mtafiti amejikosoa mwenyewe. Uzi huu ni wa kihistoria.

#22 Mwalimu Kihesa

Tusibebe watoto wa Marekani ya ubaguzi tukawaweka Kihesa. Kule mtoto alikuwa anaona weupe wana shule yao, bomba lao la maji, viti vyao. Hapa mwalimu mweusi, daktari mweusi, mkuu wa mkoa mweusi, mwizi mweusi, padri mweusi. Huwezi kuijua nafasi ya mtu kwa kuangalia ngozi.

#23 Binti Mkinga

Mwalimu, huwezi? Nenda kwenye harusi yoyote ukasikilize wanavyomsifu bibi harusi. Neno la kwanza ni "mweupeee."

#24 Kijiwe Mwanjelwa

Na sisi wenye watoto albino tuseme nini? Namaanisha jirani yangu. Watoto mtaani wanamwogopa.

#25 Mama Neema

Kijiwe, sema mtoto mwenye ualbino. Mimi ninaye, ana miaka sita, tuko Rungwe.

Nikwambie nilichokiona. Watoto hawakumwogopa. Tulipohamia hapa, watoto wa jirani watatu walikuja kusimama mlangoni. Mkubwa wao, miaka mitano hivi, akaniuliza, "Mama Neema, huyu bado hajaiva?" Fikirieni, huku ni kwenye ndizi, mtoto amezoea kuona mkungu unavundikwa unabadilika rangi. Nikamwambia ameshaiva, ndivyo alivyo. Akamwangalia kidogo, akasema "haya, anajua rede?" Wakaondoka naye. Ndiyo ikaisha. Siku hizi hawaulizi ngozi kabisa, wanauliza kwa nini anasogeza daftari mpaka puani, kwa sababu macho ndiyo yanayomsumbua kwenye michezo na darasani.

Aliyehama kiti kwenye daladala ni mama mtu mzima, ameshika pochi. Mwanangu akaniuliza kama ananuka.

Kwa wasiojua: mtoto anapata ualbino pale baba na mama wote wanapokuwa na ile jeni, hata kama wao ni weusi tii. Hapa Tanzania makadirio yanayotajwa ni mtoto mmoja katika 1,400, wakati Ulaya ni mmoja katika 17,000 au zaidi. Hatuko wachache. Na jua la nyanda za juu linadanganya, baridi inakufanya udhani halichomi, kumbe kadiri unavyopanda juu mionzi inaongezeka. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya jua. Yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yametusaidia sana.

#26 Kijiwe Mwanjelwa

Nimekosea, mama. Samahani sana. Nitamwambia na jirani habari ya mafuta.

#27 Mama Neema

Usijali. Mwambie pia akae mbele darasani.

#28 Baba Lusajo

Wakuu nimerudi, ndaga fijo kwa michango yote. Nilisafiri Tunduma siku mbili. Nina jipya.

Jana usiku wakati wa kumlaza nikamuuliza kijuujuu, "Lusajo, mtu akiwa mweusi anakuwaje?" Akasema "anaumwa." Nikauliza nani kakuambia. "Bibi alisema Atupele kapona."

Nilikaa gizani dakika kadhaa nikitafuta hiyo siku. Nikaikumbuka. Atupele alipotoka hospitali, shangazi yake mama Lusajo, tunamwita bibi, alifunua ile shali akaangalia sikio, kama alivyosema muuguzi. Akapiga kigelegele akasema, "Afadhali huyu kapona, kafuata mama!" Sebule nzima ikacheka. Na mimi nilicheka. Lusajo alikuwa amekaa chini pembeni ya kochi na gari lake la boksi.

Ninyi mnajua "kapona" pale lina maana gani. Ni utani wa kikwetu, tunasema hata kwa mtu aliyekosa pua ya babu yake. Lakini yeye analijua neno hilo kwa maana moja tu, malaria. Aliumwa mwezi wa kwanza, akapona. Kwa hiyo mdogo wake kapona, yeye bado yuko kwenye dozi, na baba ndiye mgonjwa wa kudumu anayekataa kunywa maziwa.

#29 Mama Mapacha

Jamani 😔 mpaka nimeweka simu chini.

#30 Binti Mkinga

Nilisema. Hawazaliwi nalo.

#31 Muuguzi wa Zamu

Hilo neno wodini nalisikia kila wiki. "Kapona," "kaponea chupuchupu," "huyu wa kiume hata akiwa mweusi si mbaya." Mama hata kondo haijatoka, ndugu wanajadili masikio.

#32 Dereva wa Tunduma

Mimi nipingane kidogo. Tusimhukumu huyo bibi. Mtoto alishakuwa na nadharia ya chai kabla, neno la bibi kalipachika tu. Watoto wanachukua neno popote. Mwanangu alikuwa anadhani mimi ni mweusi kwa sababu naendesha lori usiku. Hakuna aliyemfundisha ubaya wa usiku, aliniona naondoka giza narudi giza. Na alitaka awe mweusi haraka ili nimbebe safari.

#33 Parachichi Njombe

Huyo ana akili kuliko wote, ameona weusi una usafiri.

#34 Mwalimu Kihesa

Dereva ana hoja. Mwenzake anakataa weusi, wake anautaka, na wote wawili wamekosea kisayansi kwa namna ile ile. Sasa je, tatizo ni ile nadharia au ni kile kilichoambatanishwa nayo?

#35 Duka la Vifaa SIDO

Mnamtafuta mchawi mbali. Hapa sokoni mkorogo unauzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Mama anajipaka mbele ya mtoto, wiki mbili amebadilika uso, vidole vimebaki na rangi ya zamani. Mtoto akisema rangi inabadilika utamwambia anaota? TFDA, wale wa mamlaka ya chakula na dawa, wako wapi?

#36 Muuguzi wa Zamu

TFDA haipo tena tangu 2019, iligeuka TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Zebaki na hidrokwinoni kwenye vipodozi vimepigwa marufuku siku nyingi. Vidole unavyovisema ni kweli, kwenye viungo rangi hugoma.

#37 Kijiwe Mwanjelwa

"Ya Kulwa haitoki." 😂

#38 Msomaji wa Ipogolo

Niko hapa Iringa, huwa nasoma tu, leo nachangia. Parokiani kwetu kuna padri Mtaliano wa Shirika la Consolata, mzee, amekaa huku miaka mingi na anaongea Kihehe cha vijijini kunizidi mimi. Siku moja akaja mgeni kutoka Dar, kijana mweusi kama sisi, suti kali, Kiswahili cha kubana pua. Binti yangu wa miaka mitano akaninong'oneza, "Baba, yule mzungu anatoka wapi?" Anamwonyesha kijana wa Dar. Nikamuuliza, na padri je? Akaniangalia kama mjinga. "Padri ni Mhehe."

#39 Mtafiti Uchwara

Mkuu hiyo ni dhahabu. Kuna utafiti wa Katherine Kinzler na wenzake, 2009, watoto weupe wa Marekani wa miaka mitano. Walipoonyeshwa picha tu walichagua rafiki wa rangi yao. Picha zilipowekewa sauti, wakamchagua mtoto mweusi anayeongea kama wao wakamwacha mweupe mwenye lafudhi ya kigeni. Sikio lilishinda jicho.

Na kuna mwingine wa 2006, wa Yair Bar-Haim, kwa vichanga vya miezi mitatu. Watoto weupe wa Israel walitazama zaidi nyuso nyeupe, watoto wa Ethiopia wakatazama zaidi nyuso nyeusi. Lakini watoto wa Kiethiopia waliozaliwa Israel, wanaolelewa kati ya watu wa rangi zote mbili, hawakuegemea upande wowote. Kwa hiyo jicho linaona mapema sana, ila linavutwa na lililolizoea. Kutazama si kupenda, na kupenda si kudharau.

#40 Binti Mkinga

Umesema vizuri, lakini Lusajo hakuambiwa neno na kichanga cha Israel, aliambiwa na bibi yake.

#41 Mzee wa Reli

Na mimi niseme, binti yangu. Huyo bibi naye aliambiwa na bibi yake. Sisi zamani mtoto mweupe sana alichekwa, aliitwa majina, akaambiwa mama yake alipita karibu na misheni. Sijui iligeuka lini.

#42 Parachichi Njombe

Mzee, iligeuka umeme ulipofika, mkaanza kuonana.

#43 Mama Mapacha

Turudi kwa mtoto. Baba Lusajo umemjibu nini?

#44 Baba Lusajo

Nilimwambia baba haumwi, baba kazaliwa hivi, na babu yake hivi, na Atupele hakuwa mgonjwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi kunywa maziwa tuone."

Nikasema haya. Nikaona heri hilo kuliko hotuba. Wiki nzima nimekunywa chai ya maziwa mbele yake, tumbo langu analijua Mungu. Kila asubuhi anashika mkono wangu anaulaza juu ya meza karibu na wake, anaangalia, anatikisa kichwa, anaendelea na uji. Mama yake anacheka mpaka anatoka nje.

#45 Ndizi Tukuyu

Lita shilingi ngapi huko Uyole? Si afadhali ungemleta hapa Katumba aone majani ya chai ni ya kijani?

#46 Mtafiti Uchwara

Hii mbinu ni nzuri sana, akiona mwenyewe hakuna kilichobadilika ataiacha ile nadharia. Tupe majibu Jumamosi.

#47 Baba Lusajo

Leo ndiyo Jumamosi. Siku ya saba. Kauchukua mkono kama kawaida, kauangalia juu, hakuna kitu. Mimi nikajua tumemaliza. Akaugeuza.

"Mama njoo! Baba imeanza!" Kaniwekea kidole katikati ya kiganja.

#48 Kijiwe Mwanjelwa

Ongeza lita, mkuu.